Baiskeli Iliyolinda Mtama

Mwanangu Raheli,

Salamu tumepeana tangu asubuhi, na shikamoo zako nimeziitikia zote, kwa hiyo naanza bila salamu. Usishangae baba yako kukuandikia wakati uko hapo jikoni tu, unakaanga karanga za safari na mama yako. Najijua. Kesho basi la Singida likipiga honi nitaanza utani. Nitamtania dereva, nitamtania utingo, nitakutania wewe na hilo sanduku lako, na yale niliyotaka kukuambia yatabaki kifuani. Ndiyo maana nimefuta vumbi la mbao kwenye benchi langu la kazi nikaketi kuandika. Usiifungue barua hii mpaka uwe ndani ya treni na Itigi imebaki nyuma, mahali ambapo huwezi tena kurudi kunibishia.

Sitakuambia nguo ufue lini wala pesa uzifiche wapi. Hayo mama yako ameyamaliza, na alipochoka shangazi yako akapokea. Mimi nataka kukusimulia habari za mashine yetu ya kufukuza ndege. Umewahi kuisikia vipande vipande, kila mtu akikata pale panapomfaa. Leo nataka uipate nzima, na nitakuambia kwa nini.

Mwaka jana shuleni kwenu mlipangwa kundi mtengeneze ule mtambo wa kukamua alizeti. Baada ya siku chache uliwaambia wenzako wawili wakacheze, ukaumaliza peke yako hapa hapa kwenye benchi hili. Ulikamua vizuri, sikatai, mafuta tuliyala. Lakini siku ya kuuonyesha ulirudi nyumbani uso umekunjamana, na wale wenzako walipita hapa mlangoni bila kukuita. Niliona, nikarudi kwenye randa yangu. Sasa unakwenda Tabora, kwenye darasa ambalo mwalimu wako ameniambia majaribio yote ya sayansi hufanywa kwa makundi, na huko hakuna benchi la baba la kujifungia. Hilo ndilo linalonipa wasiwasi, wala si treni.

Nilikuwa na umri kama wako, nasoma shule ya misheni, mwendo wa kutwa nzima kwa miguu kutoka hapa Nduguti. Tulilala shuleni, na chakula chetu kilitoka kwenye shamba la shule. Mwaka uliotangulia, kwelea kwelea walishuka mtama ukiwa karibu kuvunwa, wakabakisha mabua. Mabweni yakafungwa, tukarudishwa makwetu, na wengi wa wenzetu hatukuwaona tena darasani. Mimi nilirudi kwa sababu mwalimu mkuu alikuja mwenyewe kuzungumza na babu yako. Babu yako alikubali, kisha mgeni alipoondoka akaniita.

"Kiula," akasema, "nenda. Lakini wakikurudisha tena, utakwenda Gumanga kuchunga ng'ombe wa mjomba wako. Mimi sitaki mtoto wa kwenda na kurudi."

Unajua babu yako alivyokuwa. Jambo alilisema mara moja. Nilirudi shule nikijua kwamba kusoma kwangu kunategemea shamba lile, na shamba linategemea ndege kama watapenda au hawatapenda.

Mtama ulipoanza kukomaa, darasa letu liligawanywa. Nusu walikaa darasani, nusu wakaenda kusimama juu ya madungu, yale majukwaa ya kulindia ndege, na kombeo mkononi, wakipiga kelele na kurusha mawe, kisha tukabadilishana. Aliyekuwa shambani alikosa hesabu. Aliyekuwa darasani alisikia kelele za shambani na kukosa hesabu vile vile. Ndipo mwalimu wetu wa somo la maarifa, Mwalimu Natanaeli, mtu mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto wa pili, akasema kila kundi libuni kifaa cha kupunguza kazi mojawapo ya pale shuleni. Bwana Shamba angekuja kuvitazama, na kizuri kuliko vyote kingepewa zawadi. Alitupanga yeye mwenyewe, maana alijua tukijipanga tutajipanga kwa koo zetu.

Nikawekwa na Msengi, huyu huyu baba yako mdogo Msengi atakayekupokea kesho stendi ya Singida. Na wa tatu wetu alikuwa msichana aitwaye Damari, aliyekaa dawati la mbele na kujibu maswali kabla hayajaisha. Ndiyo, mama yako. Usicheke peke yako ndani ya treni, watu watakushangaa.

Mimi nilitaka mashine ya upepo. Raheli, unaujua upepo wa huku kwetu, unavyovua watu kofia barabarani. Nilisema tutautumia upepo huo, utufanyie kazi bure. Tukapata baiskeli mbovu ya mwinjilisti, iliyokuwa imelala nyuma ya jiko la shule kwa muda mrefu hata kuku wakataga chini yake. Tukachomoa gurudumu la nyuma. Nikakata mabati ya debe nikatengeneza mabawa, nikayafunga kwenye gurudumu, na Msengi akafunga nyundo ya mti iliyoinuliwa na gurudumu na kuangukia debe tupu. Tukaisimamisha juu ya nguzo katikati ya shamba siku ya Jumamosi, baada ya chakula cha mchana.

Upepo ukavuma. Mabawa yakazunguka, nyundo ikainuka ikaanguka, na lile debe likalia hata mbuzi wa mwalimu mkuu wakakata kamba. Watoto wa madarasa ya chini walikuja mbio kutazama. Msengi alinibeba mgongoni. Mama yako, ambaye hapendi kuonyesha meno ovyo, aliyaonyesha yote. Nami, wakati wenzangu wanaruka ruka, nilichukua msumari nikaandika jina langu kwenye bawa moja. Langu tu.

Jumatatu alfajiri tukaenda kutazama mashine inavyofukuza ndege. Shamba lilikuwa kimya. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Kwelea kwelea walikuwa wamejaa kwenye mtama, na wengine wao, kwa heshima zote, walikuwa wameketi juu ya bawa lenye jina langu.

Sasa sikiliza jambo linalonichekesha mpaka leo. Sisi watatu tulikuwa watoto wa Iramba. Kila mmoja wetu aliwahi kulinda ndege kabla hajajua kujifuta kamasi. Tulijua kwamba ndege hula asubuhi mapema na jioni, na jua likiwaka huenda kupumzika kwenye miti. Tulijua pia kwamba upepo wa kwetu huamka jua likishapanda. Mtu angetuamsha usingizini akatuuliza lolote kati ya hayo mawili, tungejibu. Hakuna aliyeyaweka pamoja. Tuliijaribu mashine mchana kwa sababu mchana ndio tulikuwa na nafasi, ikatupigia kelele nzuri, tukaipenda kelele yenyewe tukasahau ndege.

Mama yako amepita hapa na bakuli la karanga, amesoma juu ya bega langu. Anasema, "Mbona hukuandika kwamba ulilia?"

Nimemwambia hapakuwa na kulia, ni vumbi. Anasema alfajiri ile hapakuwa na upepo, sasa vumbi lilitoka wapi. Basi, mwanangu, nililia kidogo. Nilikuwa nimeshawaona ng'ombe wa Gumanga.

Mwalimu Natanaeli akatukuta pale. Ili nimwonyeshe kwamba mashine haina kosa, nilipanda kwenye nguzo nikaizungusha kwa mkono. Debe likalia, ndege wakaruka. Mwalimu akanitazama toka chini.

"Vizuri sana, Kiula," akasema. "Kwa hiyo ndege wakija utakuwa hapo juu unazungusha?"

Alikuwa ananitania, na mimi nilikasirika. Lakini mama yako hakucheka wala hakukasirika. Aliitazama ile fremu ya baiskeli iliyobaki chini ya nguzo, akasema polepole, "Akizungusha kwa miguu, mikono yake itaweza kushika kitabu."

Raheli, ningekuwa mtu mwenye akili ningempongeza hapo hapo. Nilimwambia baiskeli ni ya kwendea, si ya kukalia. Msengi ndiye aliyeiinua fremu, akaipandisha kwenye dungu na kuifunga kwa kamba, akaketi juu yake akaanza kukanyaga hewani, akisalimia watu wa njiani kana kwamba anakwenda Kiomboi. Tulicheka, na katika kucheka nikaona kwamba yule msichana alikuwa sahihi. Kumkubalia kulinichoma kidogo, halafu kukaniacha mwepesi. Nakwambia jambo hili kwa sababu wewe umerithi miguu ya mama yako na ubishi wangu. Ule mchomo ni mfupi. Ukishaupita, kazi huwa nusu.

Tukairudishia baiskeli gurudumu lake na mnyororo wake. Aliyekaa juu ya dungu akikanyaga pedeli, gurudumu lilizunguka, na kijiti tulichofunga kwenye gurudumu kikavuta kamba na kuilegeza, kikavuta na kuilegeza. Kamba hiyo iligawanyika kuelekea pembe zote za shamba, na kila pembe ilikuwa na debe lenye vijiwe ndani. Mtu mmoja akikanyaga, shamba zima lilipiga kelele. Na mtu huyo mmoja angeweza kuwa na kitabu cha hesabu mapajani. Kilichobaki ni kamba yenyewe.

Hapo ndipo tulipofanya kosa la pili, na hili nadhani halijawahi kufanywa na watu wengine wowote duniani. Tulichagua kamba za ngozi ya ng'ombe. Msengi alizipata kwao. Zilikuwa ngumu, zikikwama, kwa hiyo tukafanya kama baba zetu wanavyofanya kamba za kufungia ndama: tukazipaka mafuta ya ng'ombe, tukazisugua mpaka zikang'aa. Msengi alileta mafuta, mimi nikapaka, na mama yako akasimama pembeni akisema, "Pale bado, ongeza." Jioni ile zilipita laini kabisa. Tulilala tumeridhika.

Asubuhi hapakuwa na kamba. Palikuwa na madebe yaliyoanguka, na nyayo za fisi shamba zima, kutoka pembe hadi pembe. Walikula kwa utaratibu, wakifuata kila mstari mpaka mwisho wake. Fundo moja tu waliliacha, lile la kwenye gurudumu juu ya dungu, nadhani kwa sababu halikufikika.

Nyumbani kamba zile hulala ndani ya tembe pamoja na ndama, mlango umefungwa. Sisi tulijifunza kupaka mafuta, hatukuona kwamba na mlango ni sehemu ya ufundi. Tulichukua mkono wa baba zetu tukaacha nyumba yao. Ukiwa huko Tabora, mtu akikuonyesha namna nzuri ya kufanya jambo, ichukue kwa moyo mmoja, lakini muulize pia kwao hilo jambo hulala wapi.

Tulisimama pale watatu, kila mmoja akimtafuta wa kumlaumu. Nilimtazama Msengi, aliyeleta mafuta. Msengi akanitazama mimi, niliyepaka. Wote wawili tukamgeukia Damari, na Damari, kabla hatujafungua mdomo, akasema, "Na mimi ndiye niliyesema muongeze." Kisha akainama akautazama unyayo mmoja, akasema, "Huyu alishiba."

Msengi alianguka chini kwa kicheko. Mimi nilijishika mbavu. Tulicheka mpaka Mwalimu Natanaeli akaja kuuliza kuna msiba gani. Naikumbuka asubuhi ile kuliko ile ya ushindi, kwa sababu mpaka siku hiyo tulikuwa watoto watatu waliopangwa pamoja na mwalimu, na kuanzia hapo tukawa kundi. Hakuna tena aliyeuliza wazo ni la nani. Nilikwenda kwenye lile bawa la debe, likiwa limetupwa, nikalikunja jina likiwa ndani, tukalifanya kopo la vijiwe. Sikujisikia kupungukiwa.

Wewe na wale wenzako wa alizeti, mwanangu, hamkuwahi kupata fisi. Mtambo wako ulifanya kazi mara ya kwanza, na uliufanya peke yako, kwa hiyo hamkuwa na cha kucheka pamoja. Sikulaumu. Nakuonea huruma kidogo tu, maana furaha ile ni tamu na hukuionja. Huko unakokwenda utakutana na wasichana kutoka Bukoba, kutoka Moshi, kutoka pwani, na baadhi yao watakuwa wepesi kuliko wewe na baadhi watakuwa wazito. Mmoja atakuja na mafuta yake ya ng'ombe. Msaidie kupaka, na fisi wakija, uwepo.

Tulisokota kamba upya kwa magome ya miyombo, ambayo fisi hayamhusu. Mama yako alitufundisha kuyaloweka kwanza, na kazi hiyo ilituchubua vidole. Tulipomaliza, tuliandaa zamu. Asubuhi mapema mwanafunzi mmoja alipanda dunguni na kitabu chake, akakanyaga na kusoma, kisha akashuka mwingine akapanda. Waliobaki wote walikuwa darasani. Ndege walikuja, sitakudanganya. Walikula pembeni, walikula pale kamba ilipokatika. Lakini kila walipotua, madebe yalilia, wakainuka wakahamia kwa majirani, ambao walitulalamikia mpaka na wao wakaja kuomba tuwafundishe.

Siku ya Bwana Shamba ilipofika, mimi ndiye niliyepanda kumwonyesha. Nilikanyaga kwa nguvu zangu zote, nikitaka aone, mnyororo ukatoka. Nikaendelea kukanyaga bila kelele yoyote, miguu inazunguka, madebe kimya, Bwana Shamba na mzungu mwenzake na walimu wote wananitazama. Msengi akapiga mbio kwenye kamba akaivuta kwa mikono, mama yako akaivuta ya upande wa pili, shamba likalia. Bwana Shamba akauliza kwa Kiswahili chake, "Hii mashine inatumia watu wangapi?" Mwalimu Natanaeli akajibu kwa ile sauti yake, "Watatu, bwana, lakini wanapokezana." Zawadi ilikwenda kwa kundi lililotengeneza banda la kuku. Lilikuwa banda zuri, lazima niseme ukweli.

Nilikuwa na huzuni mpaka jioni tu. Unajua kwa nini haikudumu? Baada ya wiki kadhaa tulivuna. Tulipura mtama siku nzima, wasichana wakiimba, vumbi la makapi likituwasha shingoni, na ghala la shule likajaa mpaka mlango ukafungwa kwa kusukumwa na bega. Mwalimu mkuu alisimama mbele yetu baada ya kazi, akasema neno moja tu, kwamba mwaka huu hakuna bweni litakalofungwa. Hatukupiga makofi. Tuliketi chini pale pale kwenye uwanja wa kupuria, tumechoka, tukaletewa ugali wa ule mtama, na nakumbuka Msengi akila macho yake yamefumba. Nilimtazama mama yako ng'ambo ya sinia. Hilo nalo nitakusimulia siku nyingine, au yeye atakusimulia vibaya.

Amepita tena. Anasema nimeandika mengi kuhusu baiskeli na machache kuhusu yeye. Nimemwambia barua nzima ni yeye, aisome tena.

Raheli, nimefurahi leo kutwa nzima. Nilidhani nitahuzunika, maana nyumba itabaki kubwa, na nani atabishana nami juu ya redio. Huzuni itakuja, naijua njia yake. Lakini leo nimekuwa nikipiga randa huku nacheka peke yangu, mpaka mteja mmoja akaniuliza kama nimelewa. Nilimwambia binti yangu anakwenda kusoma sayansi. Akasema, "Wa kike?" Nikamwambia ndiyo, wa kike, na mama yake ndiye aliyegundua kwamba baiskeli inaweza kusoma hesabu. Aliondoka akiamini kwamba kweli nimelewa.

Usiogope kukosea mbele ya wenzako. Naweza kukuambia hivyo bila aibu kwa kuwa sisi tulikosea mbele ya shule nzima, na mbele ya fisi. Ukikwama, sema umekwama. Ukipata, angalia nani yuko karibu ufurahi naye.

Enzi zetu tulianza shule tukiwa wakubwa, na mwaka ule ulipoanza nilikuwa naandika jina langu tu na maneno machache ya kunakili ubaoni. Barua ndefu nilijifunza miezi ile ya mwisho, baada ya mavuno, wakati wale waliorudishwa makwao mwaka uliotangulia walikuwa wameshasahau herufi wakiwa nyuma ya ng'ombe. Mmoja wao ni rafiki yangu mpaka leo, mtu mzuri, anaishi hapo ng'ambo ya barabara. Mwanawe wa kiume alipoondoka kwenda Dar es Salaam, alikuja kwangu kuniomba nimwandikie. Alisimama pale mlangoni akizungusha kofia mikononi, akashindwa kuyasema mbele yangu yale aliyotaka mwanawe ayasikie. Akasema, "Mwandikie tu awe na afya." Tukapeleka hivyo.

Hiki nilichokuandikia leo, nimekiandika mwenyewe.

Ni mimi baba yako,
Kiula